Jinsi ya kuisoma betri ya pikipiki ya umeme kwa simu kupitia programu ya BMS

Pikipiki inazima ghafla juu ya Daraja la Nyali, abiria yuko nyuma, na dashibodi bado inaandika asilimia 30. Kontrola ni nzima, mota ni nzima. Mara nyingi kilichotokea ni kuwa seli moja kati ya ishirini zilizo ndani ya betri imeishiwa chaji kabla ya zingine, na BMS, yaani bodi inayoilinda betri, ikakata umeme ili kuinusuru. Dashibodi haiwezi kukuonyesha hilo kwa sababu inaipima betri kwa jumla. Programu ya simu inaweza, kwa kuwa inasoma kila seli peke yake.

BMS ni bodi ya elektroniki iliyofungwa ndani ya boksi la betri. Inapima volti ya kila seli, mkondo unaoingia na unaotoka, na joto. Inakata chaji au matumizi mambo yakipita kiasi. Na inazisawazisha seli, yaani inazifanya ziwe na chaji sawa. Nyingi za siku hizi zina Bluetooth, na kuisoma ni bure. Mwongozo huu ni wa wanaomiliki betri zao. Kama betri yako ni ya kampuni ya kubadilishana kituoni, BMS yake imefungwa na wenyewe, na boksi si lako kulifungua. Hapo kazi yako ni kuandika namba ya betri inayokufa mapema na kuwaeleza dalili zake unapoirudisha.

Jua kwanza betri yako ni ya aina gani

Soma lebo iliyo ubavuni mwa boksi. Betri za lithiamu za pikipiki huwa za aina mbili, NMC na LFP, na kila namba utakayoiona kwenye simu inategemea aina hiyo.

Seli ya NMC huhesabiwa kuwa na volti 3.6 au 3.7. Ikijaa inafika 4.2, na haifai kushuka chini ya 3.0. Betri ya volti 72 ya aina hii ina seli 20 zilizopangwa mfululizo, na ikijaa inasoma volti 84. Seli ya LFP ina volti 3.2, ikijaa ni 3.65, na mwisho wake wa chini ni 2.5. Betri ya LFP inayouzwa kama ya volti 72 mara nyingi huwa na seli 23 au 24. Yenye 24 ikijaa inasoma 87.6. LFP ni nzito zaidi kwa nishati ileile, lakini inastahimili joto na hudumu mizunguko mingi zaidi ya chaji. Kwa mji wa joto kama Mombasa, sisi tunaipendelea, uzito na yote.

Lebo ikiwa imefutika, idadi ya seli utaipata kwenye programu. Chukua volti zinazotoka kwenye chaja, zimeandikwa mgongoni mwake, ugawanye kwa idadi ya seli. Ukipata 4.2 chaja ni ya NMC. Ukipata karibu 3.65 ni ya LFP. Kisha hakikisha kuwa betri nayo ni ya aina hiyohiyo, kwa kuwa kosa hapa huteketeza nyumba. Chaja ya volti 87.6 ikichomekwa kwenye betri ya NMC ya seli 20 inaisukuma kila seli kuelekea 4.38, na kinachobaki kati yako na moto ni BMS pekee.

Kuunganisha simu

Programu inafuata aina ya BMS, wala si jina la pikipiki. Utakazokutana nazo sana ni nne: BMS za JBD hutumia Xiaoxiang, za Daly hutumia Smart BMS, za JK hutumia JK BMS, na za ANT hutumia ANT BMS. Kama hujui uliyo nayo ni ipi, pakua programu ya bure iitwayo nRF Connect. Inaorodhesha kila kifaa cha Bluetooth kilicho karibu. Jina linaloanza na JK ni la JK, DL ni Daly, ANT ni ANT, na JBD mara nyingi hujitambulisha kwa jina hilo au kwa neno xiaoxiang.

Pakua kutoka Play Store au App Store. Faili zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ziache, maana programu hii ina uwezo wa kuzima betri yako.

1. Washa pikipiki kwa ufunguo, au chomeka chaja kwa sekunde chache. BMS ikikaa bila kazi hulala, na ikilala Bluetooth yake haionekani.
2. Kwenye simu washa Bluetooth pamoja na huduma ya mahali. Android 6 hadi 11 hairuhusu programu kutafuta vifaa vya aina hii bila ruhusa ya mahali. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Ukikataa ruhusa, orodha inabaki tupu na utadhani BMS imekufa.
3. Usiunganishe kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu yenyewe. Fungua programu, tafuta, uchague jina humo ndani.
4. JK itakuuliza nywila. Ya kiwandani ni 1234.
5. Ikifunguka kwa Kichina, tafuta alama ya gia ubadilishe lugha.

BMS hupokea simu moja tu kwa wakati. Mwenzako hapo steji akiwa ameshaunganisha yake, yako haitaiona hata kidogo. Boksi la chuma pia huzuia mawimbi, kwa hiyo sogea hadi karibu na kiti kabla ya kukata tamaa. Baadhi ya BMS hazina Bluetooth ndani, bali zina tundu dogo la kuchomeka kifaa kinachouzwa kando. Nunua cha kampuni ileile iliyotengeneza BMS: mpangilio wa nyaya hutofautiana, na kifaa kisichofaa kinaweza kuliunguza tundu.

Mambo matatu ya kuhakikisha kabla ya kuamini chochote

La kwanza ni idadi ya seli na aina ya betri kwenye mipangilio. Kama betri ni NMC na mipangilio inasema LFP, asilimia na ulinzi wote ni upuuzi.

La pili ni uwezo, ule unaoandikwa kwa ampea-saa. Hiyo namba haikupimwa na mtu. Imeandikwa tu na aliyefunga BMS. Kama betri ni ya ampea-saa 45 na imeandikwa 60, simu itakuambia una chaji wakati huna.

La tatu ni sifuri ya mkondo. Zima kila kitu na usome ampea. Lazima iwe 0.0. Ikisoma 0.5 wakati pikipiki imezimwa, ndani ya saa 12 BMS itakuwa imehesabu ampea-saa 6 ambazo hazikutumika. Programu nyingi zina sehemu ya kurekebisha sifuri, na hiyo ni salama kufanya mwenyewe ilmradi ufunguo umezimwa na chaja imechomolewa. Angalia pia alama: kwa nyingi, mkondo unaotoka huandikwa kwa kutoa na unaoingia kwa kujumlisha, lakini zipo zilizogeuza.

Soma mara tatu: ikitulia, ikivuta mzigo, ikikaribia kujaa

Ukisoma mara moja tu hutajua mengi. Betri inayopendeza asubuhi ikiwa imesimama inaweza kuwa na seli inayoanguka mara tu unapopanda mlima. Namba ya kufuatilia ni tofauti kati ya seli iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa. Huandikwa kwa milivolti, au kwa volti zenye desimali tatu, 0.015 ni milivolti 15.

Ikitulia: iache saa nzima bila kazi, kisha usome. NMC yenye afya huwa chini ya milivolti 20. Ikifika 50, ianze kukushughulisha. Kwa LFP usomaji huu hauna maana kubwa. Volti ya LFP hukaa karibu palepale, kati ya 3.2 na 3.35, kuanzia asilimia 20 hivi hadi 90, kwa hiyo seli iliyopungukiwa sana inaweza kuonekana sawa kabisa na jirani zake. LFP isome karibu na kujaa au karibu na kuisha.

Ikivuta mzigo: hapa usishike simu huku ukiendesha. Washa kirekodi cha skrini, hakikisha ukurasa wa seli uko wazi, weka simu mfukoni bila kuifunga skrini, panda mlima, kisha simama pembeni uitazame video. Mahali pazuri pa kipimo hiki ni kutoka Kibarani kupanda Changamwe ukiwa na abiria, au kutoka kivukoni Likoni wakati maji yamekupwa na ngazi ya feri imeinama. Tafuta sekunde ambayo ampea ziko juu kabisa, uone seli zimeshuka kiasi gani. Zote zikishuka pamoja, hiyo ni kawaida. Moja ikishuka maradufu ya wenzake, umepata pa kuanzia.

Ikikaribia kujaa: kaa nayo dakika 20 za mwisho za chaji. Hapo ndipo seli za LFP zinapoachana. Moja inaruka hadi 3.60 wakati zingine ziko 3.38, BMS inakata chaji, na betri "imejaa" kabla ya kujaa.

Kutambua ugonjwa kutokana na usomaji

Hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu makosa manne tofauti huleta malalamiko yaleyale ya "betri haifiki mbali", na tiba zake hazifanani. Inauma kuona betri nzima ikiuzwa kama chuma chakavu kwa ajili ya nati moja iliyolegea.

Seli iliyo chini betri ikikaribia kuisha, na ikawa chini pia betri ikikaribia kujaa, haina ugonjwa. Imepungukiwa chaji tu ikilinganishwa na zingine. Tiba yake ni kusawazisha.

Seli iliyo ya kwanza kuisha na ya kwanza kujaa ni dhaifu: uwezo wake umekuwa mdogo kuliko wa wenzake. Kusawazisha hakutaiponya, hata ukiiacha kwenye chaja wiki nzima. Betri nzima sasa ina uwezo wa seli hiyo. Unaweza kuendelea kuitumia kwa kukubali safari fupi, au fundi aibadilishe kwa seli ya aina na uwezo uleule, iliyolinganishwa volti kabla ya kufungwa.

Seli inayoanguka mara mkondo unapoanza na kurudi mara mkondo unapokoma, bila kujali betri ina asilimia ngapi, ina ukinzani mkubwa, yaani kuna kitu kinachozuia umeme kupita. Aghalabu ni kiungo, na dalili inayothibitisha ni kwamba wakati wa kuchaji seli hiyohiyo husoma juu kuliko zingine. Chukua mfano wa betri inayotoa ampea 40: seli zote zimeshuka volti 0.08, ya 13 imeshuka 0.25. Ziada ni volti 0.17. Gawanya kwa 40, unapata ukinzani wa ziada wa miliomu 4 na robo. Zidisha 0.17 kwa 40: wati 6.8 zinageuka joto mahali padogo kama kichwa cha nati, kila unapopanda mlima. Plastiki ya pembeni huanza kubadilika rangi, kisha huyeyuka. Kiungo kinaweza kuwa upande wowote wa seli hiyo, basi vikaguliwe vyote viwili pamoja na kipande cha shaba kinachoiunganisha na jirani.

Seli moja ikisoma juu kupita kiasi na jirani yake chini kwa kiasi kilekile, mathalani 3.9 na 2.9 wakati zingine zote ziko 3.4, tatizo haliko kwenye seli. Jumla ya hizo mbili ni 6.8, sawasawa na seli mbili nzima. Uzi mwembamba wa kupimia ulio kati yao umelegea au umeshika kutu. Namba zikichezacheza unapopita matuta, una hakika. Usimruhusu mtu akuuzie seli mpya kwa dalili hii.

Kufungua boksi ni kazi ya fundi aliyezoea betri za lithiamu. Volti 84 za mkondo mnyoofu zinaweza kuua, na spana ikigusa ncha mbili kwa pamoja huyeyuka mkononi. Atakayefungua avue pete na saa, avae glavu, na spana ifungwe mkanda wa umeme mpini wote. Betri za seli za duara zilizochomelewa hazina nati za kukaza. Kiungo kilichoachia huchomelewa upya kwa mashine yake, kamwe si kwa kulehemu kwa risasi juu ya seli.

Kusawazisha kunachukua muda gani

Watu wengi huvunjika moyo hapa kwa sababu wanatarajia usiku mmoja. BMS ya kawaida husawazisha kwa kupunguza seli zilizo juu, kwa mkondo mdogo sana, milivolti zikishuka polepole kupitia vipinga vidogo. Mkondo huo huwa miliampea 30 hadi 100. Tuseme betri ni ya ampea-saa 45 na seli moja imepungukiwa asilimia 5, yaani ampea-saa 2.25. Kwa miliampea 60, hiyo ni saa 37 na nusu za kusawazisha mfululizo. Na BMS nyingi hufanya kazi hiyo tu seli zikiwa juu, kwa LFP kuanzia 3.40 hivi, yaani dakika chache za mwisho za kila chaji. Ukichomoa chaja mara tu taa ikigeuka kijani, haifanyiki kabisa.

Kwa hiyo ratibu siku zako za mapumziko: chaji hadi ijae, iache kwenye chaja saa tatu au nne zaidi huku uko karibu, rudia kwa chaji kadhaa, na uandike tofauti ya milivolti kila mara. Ikipungua, unasonga mbele. Isipopungua baada ya chaji nyingi, rudi kwenye sehemu iliyotangulia, maana huenda seli ni dhaifu.

JK zina kisawazishi kinachohamisha chaji kutoka seli ya juu hadi ya chini, kwa mkondo wa ampea 0.4 hadi 2 kulingana na modeli. Kazi ileile kwa ampea 1 inakuwa ya saa kadhaa. Ila hapa pana mtego: kwa LFP, usiache kusawazisha kuanze kwenye volti ya chini kama 3.2. Katika eneo hilo volti haisemi ukweli kuhusu chaji, na kisawazishi kitahamisha chaji kwenda pasipofaa, kikiharibu mpangilio uliokuwa mzuri. Weka kianze 3.40 au 3.45, na tofauti ya kukiamsha 0.01.

Joto la kaskazi na chumvi ya bahari

Programu huonyesha joto la seli kwa vipima viwili au zaidi, na joto la BMS yenyewe kwa kingine. Usizichanganye. Seli za lithiamu, kwa maelekezo ya kawaida ya watengenezaji, huchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45, na hutumika hadi nyuzi 60. Baridi si shida yetu. Joto ndilo shida: kuanzia Januari hadi Machi hewa ya Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na betri iliyobeba abiria tangu asubuhi ikaegeshwa juani hupita hapo kwa urahisi. Ukifika nyumbani saa saba mchana na kipima kinasoma 46, usichomeke chaja. Iweke kivulini penye upepo hadi ishuke chini ya 40. Angalia pia mpangilio wa joto la kukata chaji; ukiwa juu ya 50, mwombe fundi aushushe hadi 45.

Seli zilizo katikati ya boksi huwa na joto zaidi ya zile za pembeni. Vipima viwili vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 8 au 10 pikipiki ikiwa kazini, ama hewa haipiti, ama kuna kiungo kinachochemka karibu na kipima kimoja. Ulinganishe na seli iliyoanguka kwenye kipimo cha mlima. Joto la BMS likipanda haraka kuliko la seli, kagua nyaya nene zinazoingia kwenye bodi.

Hewa ya bahari hula shaba. Plagi kubwa ya betri ikianza kuwa na rangi ya kijani, ukinzani umeshaingia, na programu itaonyesha volti za betri kuwa nzuri huku dashibodi ikisoma chini zaidi unapovuta mzigo. Tofauti ya zaidi ya volti moja kati ya simu na dashibodi chini ya mzigo ni dalili ya plagi au nyaya za nje, mradi zikitulia ziwe sawa. Safisha kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme, acha ikauke, kisha paka grisi ya umeme kwa wembamba. Maji ya presha ya car wash yasielekezwe kwenye boksi wala plagi, hata kama limeandikwa kuwa halipitishi maji.

Asilimia iliyopotea njia, na uwezo halisi

BMS huhesabu asilimia kwa kujumlisha ampea zinazoingia na kutoa zinazotoka. Makosa madogo hujikusanya. Anayechaji nusunusu kila siku, asilimia 40 hadi 80, baada ya wiki kadhaa anasoma namba isiyo na uhusiano na betri. Tiba ni kuichaji hadi ijae kabisa, mkondo ushuke karibu na sifuri wenyewe, ndipo BMS ijiweke 100. Kwa LFP fanya hivyo angalau mara moja kwa wiki.

Ukitaka uwezo halisi: ijaze, iache nusu saa, andika ampea-saa zilizobaki. Fanya kazi kama kawaida, ila kipande cha mwisho kifanyie karibu na nyumbani, hadi seli ya chini ifike 3.0 kwa NMC au 2.8 kwa LFP ukiwa umesimama. Ampea-saa zilizotumika ndizo uwezo wako. Betri ya 45 iliyotoa 38 ina asilimia 84. Ikishuka chini ya 70, boda ya siku nzima itakuwa ya mashaka.

Kipimo hicho kinakupa pia matumizi kwa kilomita. Betri ya volti 72 na ampea-saa 45 ina wati-saa 3,240. Pikipiki ya abiria mjini hutumia takriban wati-saa 30 hadi 45 kwa kilomita. Kwa 40, kilomita 10 ni wati-saa 400, yaani ampea-saa 5.6. Ukiona njia ileile ya Bamburi imeanza kula robo zaidi kuliko mwezi uliopita na seli ziko sawa, kagua upepo wa magurudumu na breki inayokwaruza kabla ya kuilaumu betri.

Vitufe vya kuogopa

Programu ina swichi mbili, ya chaji na ya matumizi. Ukizima ya matumizi, pikipiki haiendi. Inafaa kama kufuli unapoegesha Kongowea, lakini ukiigusa kwa bahati mbaya ukiwa barabarani, umeme unakatika papo hapo. Na kama hukubadilisha nywila ya kiwandani, mtu yeyote aliye mita chache kutoka kwako anaweza kukufanyia hivyo. Badilisha nywila ya kuunganisha na ile ya mipangilio pia, ambayo kwa JK na Daly huwa 123456 ikitoka kiwandani. Ziandike mahali nyumbani.

Viwango vya ulinzi usivilegeze ili upate kilomita mbili zaidi. Kushusha kikomo cha chini cha NMC kutoka 3.0 hadi 2.5 hakuongezi chaji ya maana, maana chini ya 3.0 hakuna kilichobaki; kunaongeza uchakavu tu. Kupandisha ampea za juu kabisa kunahamishia mzigo kwenye nyaya na vipande vya shaba ambavyo havikukatwa kwa mkondo huo. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya skrini ya kila ukurasa wa mipangilio.

Seli ya lithiamu iliyokaa chini ya volti 2.0 isilazimishwe kurudi kwa kuchajiwa pembeni. Ndani yake shaba imeanza kuyeyuka, na inaweza kujishoti siku za baadaye, usiku, ikiwa kwenye chaja.

Betri ikikaa, na betri ya mkono wa pili

Ukisafiri mwezi mzima, iache kati ya asilimia 40 na 60, na uchomoe plagi kubwa. Kifaa cha kufuatilia pikipiki kinachovuta ampea 0.02 tu kinamaliza ampea-saa 14.4 kwa siku 30, na mkondo mdogo hivyo BMS nyingi haziuhesabu. Utarudi ukute simu inasoma asilimia 50 na betri iko ukingoni. Volti za seli ndizo za kuamini hapo.

Unaponunua betri iliyotumika, idadi ya mizunguko kwenye programu isikupumbaze. BMS ikibadilishwa inaanza sifuri. Omba uione seli zote ikivuta mzigo na ikimalizia chaji. Kisha tumia mita ya tokeni. Iache betri iishe hadi BMS ikate, zima kila kitu nyumbani ikiwemo friji, andika yuniti, chaji hadi ijae, andika tena. Betri ya wati-saa 3,240 yenye uwezo wake wote, kwa chaja inayopoteza asilimia 12 hivi, inakula karibu yuniti 3.7. Ikijaa kwa yuniti 2.4 na muuzaji anasema ni mpya, bei ianze upya kutoka hapo, au muage kwa heri.